Picha za uwanja wa kuchezea: Onyesha mahali, mlinde mtoto

Januari inapokaribia, matangazo ya vituo vya kulelea watoto na shule za chekechea huongezeka kila mahali, kuanzia Maua hadi Kiritiri. Yapo kwenye kuta za maduka, kwenye vikundi vya WhatsApp na kwenye kurasa za Facebook. Karibu kila tangazo lina picha, na katika picha nyingi kuna watoto wakicheza: mmoja yuko kwenye bembea, wengine wanakimbizana, nyuso zao zinaonekana wazi na jina la kituo linasomeka kwenye sare.

Mwenye kituo kwa kawaida hana nia mbaya. Anataka wazazi wajue kwamba ana uwanja mzuri na watoto wenye furaha. Lakini picha hiyo imemgeuza mtoto wa mtu mwingine kuwa bango la biashara, mara nyingi bila mzazi wake kuulizwa. Ikishatumwa, hakuna anayeweza kuirudisha yote.

Makala haya yanawalenga wenye vituo, walimu wa chekechea, wapiga picha na wazazi wa Meru na Embu. Ujumbe wake ni mmoja: unachotangaza ni uwanja, kwa hiyo piga picha ya uwanja. Uwanja uliotunzwa unajieleza bila uso wa mtoto hata mmoja.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Kifungu cha 53 kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inafafanua zaidi. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake ya kibinafsi. Ikiwa mtu huyo ni mtoto, yaani hajatimiza miaka 18, Sehemu ya 33 inataka mzazi au mlezi atoe idhini kwanza, na picha itumiwe kwa njia inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Sehemu ya 37 inakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu. Tangazo la kutafuta wanafunzi wapya ni biashara, hata kama kituo ni kidogo na kina watoto kumi pekee.

Kuna mambo mengine matatu ambayo wengi hawayajui. Kwanza, akitokea mzazi wa kulalamika, ni kazi ya mwenye kituo kuthibitisha kwamba alipewa idhini. Mzazi hatakiwi kuthibitisha kwamba hakuitoa. Pili, mzazi aliyekubali leo anaweza kubadilisha nia kesho, na ni haki yake. Tatu, idhini lazima itolewe kwa hiari. Kumwambia mzazi kwamba mtoto hatasajiliwa asipokubali picha zake zitumiwe kwenye matangazo si kumpa hiari.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuitoza shule moja ya eneo la Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria inaruhusu faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Kituo kidogo huenda kisitozwe mamilioni, lakini hata sehemu ndogo ya fedha hizo inatosha kukifunga.

Mzazi anatafuta nini kwenye picha

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga katika soko la Gakoromone mjini Meru, au mchuma chai wa Manyatta kule Embu. Anatoka nyumbani mapema na anahitaji mahali pa kumwacha mtoto wa miaka miwili hadi jioni. Akitazama tangazo kwenye simu, hamtafuti mtoto anayetabasamu. Tabasamu halimwambii kama lango hufungwa. Anajiuliza maswali haya:

Je, kuna ua pande zote, na ua huo umetengenezwa kwa nini? Mtoto akianguka kutoka kwenye bembea, ataangukia nyasi, mchanga au saruji? Saa sita mchana kuna kivuli? Anayewaangalia watoto hukaa wapi, na akikaa hapo anaona uwanja wote? Choo kiko umbali gani na uwanja, na maji ya kunawa yako wapi? Barabara iko karibu kiasi gani?

Maswali yote hayo yanajibiwa na picha zisizo na mtoto ndani. Picha ya watoto ishirini wamebanana mbele ya kamera inaficha majibu hayo yote, kwa sababu watoto wenyewe wameuziba uwanja.

Tengeneza kwanza, kisha upige picha

Kabla ya kutoa simu, zunguka uwanja polepole. Kisha piga magoti na uzunguke tena kwa macho, ukiwa kwenye kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Utaona mambo ambayo hukuwahi kuyaona ukiwa umesimama: msumari uliojitokeza chini ya benchi, ncha ya seng'enge iliyo sawasawa na macho ya mtoto, mabati yaliyopinda, chupa iliyovunjika chini ya ua.

Kagua hasa mambo yafuatayo:

Ardhi iliyo chini ya vifaa. Chini ya bembea na vifaa vya kupanda kuwe na nyasi nene, mchanga uliochekechwa au maranda ya mbao yaliyotandazwa vizuri. Udongo mwekundu wa sehemu za juu za Embu na Meru huwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na huteleza mvua inaponyesha.

Ua na mimea. Ua wa mnyaa, wenye utomvu mweupe, ni wa kawaida mashambani, lakini utomvu huo huumiza macho vibaya. Mbegu za mbarika zina sumu, na watoto hupenda kuziokota kwa sababu zina madoa ya kupendeza. Mimea hii isiwe mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia.

Maji na mashimo. Tangi, pipa, kisima na shimo la choo viwe na mifuniko inayofungwa. Beseni lililoachwa na maji ni hatari kwa mtoto anayejifunza kutembea.

Matairi na vifaa vya kujitengenezea. Matairi yaliyozikwa nusu ni kifaa kizuri na cha bei nafuu, lakini toboa matundu chini ili maji ya mvua yasituame na kuzalisha mbu. Hakikisha hakuna nyaya za chuma zilizotokeza.

Ukimaliza kurekebisha, uwanja uko tayari kupigwa picha. Kama kuna kitu unachotaka kukificha kisionekane kwenye picha, basi hicho ndicho unachopaswa kukirekebisha kabla ya mtoto yeyote kuletwa hapo.

Chagua saa na siku

Meru na Embu ziko karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unakata barabara ya Embu kwenda Meru kusini kidogo mwa mji wa Meru. Kwa hiyo saa sita mchana jua huwa karibu juu ya utosi mwaka mzima. Picha inayopigwa wakati huo huwa na sehemu zinazomeremeta na vivuli vyeusi kabisa, na hata uwanja mzuri huonekana mkavu na mkali.

Saa nzuri ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, au kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja jioni. Asubuhi ina faida nyingine. Kaunti zetu ziko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kwa hiyo jua la asubuhi huumulika mlima usoni, na kama kituo chako kinauona, utaonekana kabla ya mawingu kuufunika. Jioni, wanaoishi juu karibu na msitu hupoteza jua mapema kwa sababu huzama nyuma ya mlima.

Wakati wa ukungu na baridi, kati ya Juni na Agosti, usikate tamaa. Mawingu mepesi hutoa mwanga laini usio na vivuli vikali, na rangi za vifaa hutokea vizuri. Kwa upande wa Mbeere, ambako jua ni kali na vumbi ni jingi, nyunyiza maji kidogo uwanjani kabla ya kuanza na upige mapema. Wakati wa mvua za vuli, ngoja siku ambayo nyasi zimekauka. Lakini piga pia picha moja baada ya mvua, kwa matumizi yako mwenyewe, ili ujue maji hutuama wapi.

Chagua siku ambayo watoto hawapo: Jumamosi, wakati wa likizo, au asubuhi kabla hawajafika. Hiyo ndiyo njia rahisi zaidi ya kuepuka nyuso zao kwenye picha.

Picha sita zinatosha

Huhitaji kamera ya bei ghali. Simu ya kawaida inatosha ukifuta lenzi kwa kitambaa safi na kuishika kwa mlalo. Usivute picha karibu kwa vidole. Sogea wewe mwenyewe.

Picha ya kwanza iwe ya uwanja wote. Simama kwenye pembe moja na uelekeze simu kwenye pembe ya mkabala, ili ukubwa uonekane. Ya pili iwe ya ua na lango likiwa limefungwa, lakini usionyeshe kwa karibu kufuli wala njia ya nyuma. Ya tatu iwe ya vifaa pamoja na ardhi iliyo chini yake; usikate sehemu ya chini. Ya nne iwe ya kivuli, iwe ni mti, paa la mabati au turubai. Ya tano ionyeshe mahali pa kunawa mikono na njia ya kwenda chooni. Ya sita ipigwe kutoka kwenye kiti cha mlezi, ili mzazi aone kile mlezi anachokiona akiwa kazini.

Mbili kati ya hizo zipige ukiwa umepiga magoti. Uwanja ukitazamwa kutoka kimo cha mtoto huonekana kama watoto wanavyouona, na mzazi huhisi hivyo mara moja.

Ukitaka picha iwe na uhai, weka alama za michezo: mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba, viatu vidogo vilivyopangwa karibu na mkeka, kamba ya kurukia, nyumba ya mchanga iliyojengwa nusu. Anayetazama ataelewa kwamba watoto huchezea hapa, na hakuna mtoto aliyetambulishwa.

Ikiwa ni lazima watoto waonekane

Wakati mwingine mwenye kituo hutaka watoto waonekane. Hilo halijakatazwa, lakini lina utaratibu wake.

Zungumza na kila mzazi ana kwa ana, kwa lugha anayoielewa vizuri, iwe ni Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Kiswahili. Usiifiche idhini ndani ya fomu ndefu ya usajili. Iandike kwenye karatasi yake yenyewe, kwa mfano hivi:

“Mimi, mzazi au mlezi wa ........, nakubali / sikubali picha ya mtoto wangu ipigwe katika uwanja wa kituo hiki. Ikiwa nimekubali, itumike kwenye: bango la kituo / kikundi cha WhatsApp cha wazazi / ukurasa wa Facebook. Itumike hadi tarehe ........ Naelewa kwamba naweza kubadilisha nia yangu wakati wowote, na kwamba uamuzi wangu hautaathiri nafasi ya mtoto wangu hapa. Sahihi na tarehe.”

Mzazi achague kila mahali peke yake. Aliyekubali bango la langoni hajakubali TikTok. Aliyekubali picha ya kikundi cha wazazi hajakubali tangazo kwa umma. Karatasi hizo zihifadhiwe vizuri, kwa sababu ndizo ushahidi wako.

Hata ukiwa na idhini, piga kwa busara. Picha ya migongo ya watoto wakikimbia, mikono ikichimba mchanga au miguu kwenye bembea inaeleza mchezo vya kutosha. Epuka sare yenye jina la kituo, vibandiko vya majina vifuani na mtoto aliye nusu uchi wakati wa kuchezea maji. Uso, jina na mahali vikikutana kwenye picha moja, mtu asiyejulikana anapata kila anachohitaji ili kumwita mtoto kwa jina lake langoni.

Mtoto naye aulizwe. Akigeuza uso au kujificha, mwache. Msimchukue kwa nguvu kwa sababu mama yake ametia sahihi. Walimu na walezi pia wana haki ya kukataa kupigwa picha za matangazo.

Usitegemee sana kuziba nyuso kwa alama za kuchekesha. Sare, nywele na umbo hutosha kumtambulisha mtoto kwa watu wa mtaani.

Baada ya kupiga

Kabla ya kupiga, zima alama ya mahali kwenye kamera ya simu, kwa sababu simu nyingi huandika ndani ya picha mahali halisi ilipopigwa. Ukiajiri mpiga picha, andikianeni kwamba picha ni za kituo, kwamba hataziweka kwenye ukurasa wake mwenyewe, na kwamba atazifuta akishakukabidhi. Walimu wasihifadhi picha za watoto kwenye simu zao binafsi.

Kama tayari una picha za watoto mtandaoni ambazo hukuombea idhini, anza na hizo. Ziondoe sasa, kisha uweke za uwanja. Mzazi akiomba picha itolewe, itoe siku hiyo hiyo na umjulishe.

Picha isiseme uongo

Baadhi ya matangazo hutumia picha za viwanja vilivyochukuliwa mtandaoni, vyenye nyasi za plastiki na vifaa ambavyo havijawahi kufika katika kaunti hizi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inachukulia maelezo ya uongo kuhusu huduma kuwa biashara isiyo ya haki. Mzazi aliyelipa karo kwa sababu ya picha ya uongo ana sababu ya kudai fedha zake.

Pia kuna uongo mdogo. Picha ya miaka mitatu iliyopita, kabla nusu ya uwanja haijajengwa madarasa, ni uongo. Andika mwezi na mwaka chini ya kila picha, na upige upya kila unapobadilisha uwanja. Uwanja mdogo si aibu. Uwanja mdogo ulio safi, wenye ua na kivuli, unamtuliza mzazi kuliko uwanja mkubwa ambao hataukuta akifika.

Kwa mzazi

Una haki ya kusema hapana, na mtoto wako asibaguliwe kwa sababu hiyo. Una haki ya kuuliza ni picha zipi za mtoto wako zilizopo na ziko wapi. Ukikuta picha ambayo hukuiruhusu, hifadhi nakala ya tangazo pamoja na tarehe yake, kisha umwombe mwenye kituo aiondoe. Wengi huondoa mara moja. Akikataa, unaweza kuwasilisha malalamishi kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, hata kupitia tovuti yake. Sheria inataka malalamishi yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Ukishuku kwamba mtoto anadhulumiwa au picha zake zinatumiwa vibaya, piga simu 116, laini ya bure ya kusaidia watoto, saa yoyote ya mchana au usiku.

Na hata picha ziwe nzuri namna gani, zisichukue nafasi ya ziara. Fika kituoni wakati watoto wanacheza, piga magoti uwanjani, tazama. Mwenye kituo ambaye picha zake ni za kweli atafurahi kukufungulia lango.